Kujitaja na Kutajwa

The Anonymous People, filamu ya dokumentari aliyoitoa Greg Williams mwaka 2013, imesimama juu ya sentensi moja. Watu wanakaa mbele ya kamera, wanataja majina yao kamili, wanasema wao ni watu walio katika upataji nafuu wa muda mrefu, kisha wanaeleza maana ya jambo hilo: kwamba tangu mwaka fulani hawajagusa pombe wala dawa za kulevya, na kwamba maisha yao sasa ni mengine. Williams mwenyewe ni mmoja wao. Aliacha akiwa na umri wa miaka 17. Wamo pia mwigizaji Kristen Johnston, mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu Chris Herren, mtangazaji wa televisheni Laurie Dhue, na Tom Coderre aliyewahi kuwa seneta wa jimbo la Rhode Island. Ukiisikia sentensi hiyo mara ya kwanza unadhani ni utambulisho wa kawaida. Ikijirudia mara kadhaa unaanza kuona alama za patasi.

Na imechongwa kweli. Mwaka 2001, viongozi wa vikundi vidogovidogo vya watu walioacha pombe na dawa za kulevya walikutana St. Paul, Minnesota, na mkutano ule ukazaa mtandao wa Faces & Voices of Recovery. Miaka mitatu baadaye mtandao huo ukaagiza utafiti wa maoni, ukakuta kwamba Wamarekani wengi wakimsikia mtu akisema yuko katika kupata nafuu, wanaelewa kwamba bado anahangaika kuacha. Yaani mtu mwenye miaka 20 bila tone mdomoni alikuwa anajieleza kwa jirani yake, na jirani anasikia kitu kingine kabisa. Ndipo wakaanza kufundishana namna ya kujisema. Usijiite mlevi. Usianze na habari za mtaroni. Taja miaka yako, taja watoto, taja kazi. Na usitaje AA.

Hilo la mwisho ndilo lenye akili zaidi. Alcoholics Anonymous ilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, na mapokeo yake kumi na mawili yalipitishwa mwaka 1950. La kumi na moja linamtaka mwanachama afiche jina lake mbele ya magazeti, redio na filamu. Kwa miaka mingi wengi walilisoma kama amri ya kunyamaza kabisa. Sentensi ya Williams na wenzake imepita katikati: nasimama kwa jina langu na sura yangu, nasema nimepata nafuu, ila sisemi ni chumba kipi cha mkutano kilichonisaidia. Pokeo halijavunjwa na mtu ameonekana. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na ni mara chache nimekutana na sentensi moja iliyobeba mzigo wa kisiasa kiasi hicho bila kuonekana inatoka jasho.

Kama filamu, kazi yenyewe ni ya wastani. Mahojiano, muziki wa kutia moyo, mahojiano tena. Inapoamka ni pale inapofungua kumbukumbu za zamani, na hapo ningewashauri hata wale wasiojali kabisa habari za uraibu waitazame. Anatokea Marty Mann, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kupata nafuu ndani ya AA, ambaye mwaka 1944 alianzisha kamati ya kitaifa ya kuelimisha umma kuhusu ulevi, na akazunguka Marekani nzima akisema mambo matatu: kwamba mlevi ni mgonjwa, kwamba anaweza kusaidiwa na anastahili kusaidiwa, na kwamba hili ni tatizo la afya ya umma, kwa hiyo ni wajibu wa umma. Anatokea Harold Hughes, dereva wa lori aliyekuja kuwa gavana wa Iowa na kisha seneta, mlevi aliyeacha na hakuficha. Kamati yake ilisikiliza ushahidi mwaka 1969. Bill Wilson, mwasisi wa AA, alikuja na kutambulishwa kwa jina la Bill W. tu. Sheria inayojulikana kwa jina la Hughes ilitiwa saini na Nixon siku ya mwisho ya mwaka 1970. Kisha mwaka 1976, katika hoteli moja ya Washington, watu 52 mashuhuri walisimama pamoja na kusema waliwahi kuwa walevi. Buzz Aldrin, aliyetembea mwezini, alikuwamo. Dick Van Dyke alikuwamo. Halafu ikaja miaka ya 1980 na vita dhidi ya dawa za kulevya, na mgonjwa wa Marty Mann akarudishwa kuwa mhalifu.

Simulizi hiyo ni nzuri, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Ninachogombana nacho ni namna inavyowaelewa viongozi wake.

Katika harakati nyingine, kiongozi anapimwa kwa anachofanya. Wa chama cha wafanyakazi anapimwa kwa mshahara uliopanda, wa wakulima kwa bei ya korosho. Katika harakati hii, kama filamu inavyoipigia debe, kiongozi anapimwa kwanza kwa mwili wake. Yeye mwenyewe ndiye kielelezo mahakamani. Tutazameni, tunapona. Sisi tuliokulia kwenye makanisa ya ushuhuda tunalijua umbo hilo kabla halijaanza: giza, kisha mkono, kisha nuru, kisha makofi. Tunajua pia kinachompata mtoa ushuhuda siku akionekana baa. Watu hawasemi Juma amekunywa. Wanasema, mnaona, ni uongo mtupu.

Historia ya Marekani imeshalipita jambo hili mara kadhaa, na hapo ndipo filamu inapoogopa kutazama. Mwaka 1840, wanywaji sita wa Baltimore walianzisha kikundi cha Washingtonian, na kwa muda mfupi kikasambaa nchi nzima kwa njia moja tu, yaani walevi walioacha kupanda jukwaani na kusimulia. Mmoja wa wasimuliaji hodari wa zama zile alikuwa John Gough. Mwaka 1845 Gough alipotea New York kwa takriban wiki nzima, akapatikana amelewa katika nyumba yenye sifa mbaya. Alidai glasi ya soda aliyopewa ilikuwa imetiwa kitu. Magazeti yalikula naye sahani moja. Gough aliinuka, akaendelea kuhutubu miaka arobaini mingine mpaka akapatwa na kiharusi akiwa jukwaani mwaka 1886, na kwangu mimi hiyo miaka arobaini ina uzito kuliko wiki moja ya New York. Lakini walioipenda harakati walijifunza somo jingine: sura ni hatari. Pokeo la AA la kuficha majina, ambalo filamu inaliona zaidi kama kizuizi, lina ndani yake kumbukumbu hiyo. Lilikuwa linamlinda mtu na uzito wa kuwa mfano.

Marty Mann hakuwa na kinga hiyo. Waandishi wa wasifu wake, Sally Brown na David Brown, wameeleza kwamba karibu na mwaka 1960, akiwa ameshahubiri kwa miaka mingi, alirudia kunywa, na habari hiyo haikutolewa hadharani. Angeitoaje? Kamati, wafadhili, hotuba, yote yaliegemea juu ya mwanamke mmoja nadhifu aliyethibitisha kwa kusimama wima kwamba inawezekana. Yeye ndiye aliyewafundisha Wamarekani kwamba ulevi ni ugonjwa, na ugonjwa hurudi. Malaria hurudi, pumu hurudi, na hakuna anayemwita mgonjwa wa pumu mwongo. Ila kwake yeye ugonjwa ukirudi ulikuwa kashfa. Filamu inamtukuza Mann na inastahili kumtukuza, lakini Mann wa kwenye filamu ni picha ya ukutani. Yule wa mwaka 1960, aliyekuwa na hotuba ya kutoa na siri ya kuficha, angetufundisha zaidi kuhusu uongozi wa aina hii kuliko waigizaji wote waliohojiwa.

Mtu wa kumlinganisha naye yupo, na ni wa zama zetu. William Cope Moyers, mwana wa mwanahabari Bill Moyers, amekuwa kwa miaka mingi sura ya taasisi ya Hazelden, akisafiri na kusimulia jinsi alivyoachana na pombe na kokeini. Kitabu chake cha kwanza, Broken, kilitoka mwaka 2006 na kina umbo lile tunalolijua. Mwaka 2024 akatoa kingine, Broken Open. Humo anasimulia kwamba dawa za kutuliza maumivu alizoandikiwa kwa ajili ya meno zilimkamata upya, huku akiendelea kupanda majukwaani kama mfano wa aliyepona, na kwamba kilichomsaidia safari hii ni dawa nyingine, buprenofini. Simpendi sana Moyers kama mwandishi, ana tabia ya kueleza kitu mara tatu. Ila kitabu hicho kimefanya kazi ambayo The Anonymous People iliiacha. Kimeonyesha msemaji akiwa nyuma ya pazia, anasikia jina lake likitangazwa, na anajua sentensi anayokwenda kuisema leo si ya kweli kama ilivyokuwa jana.

Turudi kwenye sentensi basi, tuijaribu kwa Kiswahili. Niliwahi kuipeleka kwa wanafunzi wenzangu wanaosoma tafsiri, nikawaomba waiandikie maneno ya chini ya skrini. Tulibishana jioni nzima. Wa kwanza aliandika nimepona. Haifai, aliyepona amemaliza, amerudisha kitanda cha hospitali. Wa pili akaandika nimeacha. Hiyo inarudisha kila kitu kwenye utashi wa mtu, kana kwamba ugonjwa haukuwapo, ilikuwa tabia tu. Mwingine akaandika nimepata nafuu, tukacheka, kwa sababu ndivyo unavyomjibu shangazi kwenye simu ukiwa bado umelala na homa imeshuka kidogo. Mwishowe tuliangukia msemo ambao nyaraka za serikali ya Tanzania zimeuzoea: nyumba za upataji nafuu. Mtaani watu wanaziita soba hausi na wala hawana mpango na neno la serikali. Lakini mimi nimelipenda. Kiambishi u- mbele na -ji nyuma vinageuza nafuu kuwa shughuli, kitu ambacho mtu anakifanya leo na kesho atakifanya tena, kama ulimaji au ufugaji. Mfugaji akifiwa na ng'ombe haachi kuwa mfugaji. Neno hilo lina nafasi ndani yake ya siku mbaya, kitu ambacho sentensi ya Kiingereza, yenye tarehe yake ya mwisho kutumia, haina.

Na lipo neno la upande wa pili, ambalo hakuna aliyehitaji kulitafuta. Teja. Linganisha na mteja: ile m- ya watu imeng'oka, na wingi wake si wateja, ni mateja, ngeli tunayoipa majitu na mambo tuliyoyakuza ili tuyadharau. Lile teja, yale mateja. Sarufi yenyewe imeshamtoa mtu kwenye orodha ya watu kabla hujasema kitenzi. Kwa hiyo ninapoitazama filamu ya Marekani ikihangaika na maneno sioni anasa ya wenye muda. Naona kazi ambayo kwetu ingeanzia chini zaidi, kwenye kurudisha herufi moja.

Lakini nani atasimama kuirudisha? Filamu inajibu swali hili kirahisi mno: yeyote, ilimradi awe jasiri. Inatangaza kwamba Wamarekani zaidi ya milioni 23 wako katika upataji nafuu, na kwamba wakijitokeza wote nchi itatikisika. Idadi hiyo ilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2012 uliowauliza watu wazima kama waliwahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya na sasa hawana tena. Mmoja kati ya kumi alisema ndiyo. Ni habari njema, ila aliyejibu ndiyo kwa swali hilo hajasema anajiona mwanachama wa kitu chochote. Huenda aliacha pombe alipooa, basi. Ukimhesabu kama askari aliyejificha unajipa jeshi ambalo halijui limeandikishwa.

Na ujasiri una bei tofauti kwa watu tofauti. Majina niliyoyataja mwanzoni ni ya watu weupe, wengi wao maarufu kabla hawajasema lolote. Ushuhuda wao uliwaongezea heshima. Marekani hiyohiyo mwaka 1986 ilitunga sheria iliyompa mwenye gramu 5 za kokeini ya kuvuta, ile iliyosambaa mitaa ya watu weusi, kifungo cha chini sawa na cha mwenye gramu 500 za kokeini ya unga. Mtu aliyepita kwenye mkono wa sheria ile akisimama na kusema sentensi, anayemsikiliza anasikia faili la polisi. Filamu inalijua hili, inaizungumzia vita ile kwa hasira. Lakini haichukui hatua ya pili ya kujiuliza kama mbinu yake yenyewe, ya kuonyesha sura, inawabeba sawa wenye sura tofauti.

Hapa kwetu jibu tulilipata Februari 2017, pale mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipokaa mbele ya wanahabari na kutangaza majina ya watu, wasanii wakiwamo, aliowataka waripoti polisi kwa habari za dawa za kulevya. Katika orodha ya aina ile, mtumiaji na muuzaji hawatofautiani. Nilikuwa bado sekondari, na nakumbuka majina yalivyozunguka kwenye simu za watu kuliko matokeo ya mpira. Kujitaja, ambako filamu inakuuza kama ukombozi, kunataka kwanza pawe mahali ambapo hujatajwa. Mahali ambapo jina linaweza kusomwa na mtu mwingine kwa sauti yake, mbele ya kamera, anayejitangulia kulitaja anaweza kuwa anawarahisishia kazi tu.

Kuna kundi jingine ambalo sentensi inaliacha mlangoni. Mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, anaondoka kwenda kwenye shughuli zake. Arosto haimpigi, haibi, analala nyumbani. Mweke mbele ya kamera ya Williams: hajagusa dawa tangu lini? Tangu saa mbili asubuhi. Huko New York watumiaji wa methadoni waliliona hili mapema, wakaunda chama chao mwaka 1988 kuwatetea wagonjwa waliokuwa wakidharauliwa na wenzao walioacha kabisa. Nao ni viongozi wa harakati ya chinichini kama yeyote, na madai yao yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa hawakuwa na tarehe safi ya kuonyesha. Moyers na buprenofini yake amewafikia mwaka 2024.

Siisemi filamu kwamba haikufaa. Ilifaa sana. Wafuasi wake waliipeleka kwenye kumbi ndogondogo na vyumba vya mikutano, na Oktoba 4, 2015, Williams na wenzake walijaza uwanja wa Washington kwa mkusanyiko wa hadhara. Mwaka uliofuata Rais Obama alisaini sheria ya uraibu na upataji nafuu. Sijui filamu nyingi za wanaharakati zinazoweza kuonyesha mlolongo wa namna hiyo.

Ila viongozi ninaotaka kuwasoma, na ningetaka kuona mtu anawaandikia kitabu, ni wale ambao sura zao hazina kazi. Huko Connecticut kipo chama kilichoanza mwaka 1998, CCAR, ambacho wafuatiliaji wake wa kujitolea huwapigia simu watu waliotoka kwenye matibabu, mara moja kwa wiki, kuuliza hali. Simu tu. Anayepiga ameshapitia yaleyale, na anayepigiwa akisema jana nilianguka, simu ya wiki ijayo iko palepale. Unguja nako, tangu karibu na mwaka 2009, vijana waliowahi kutumia unga wamekuwa wakiendesha soba hausi wao wenyewe, wanakaa na wageni wao chini ya paa moja, wanapita hatua kumi na mbili zilizoandikwa Marekani na Wakristo wa miaka ya 1930, na adhana ikilia wanasimamisha kikao wakaswali. Kiongozi wa nyumba kama hiyo anajulikana mtaa mzima alikuwa nani. Hana cha kufichua. Asubuhi anahesabu magodoro, anapiga simu kwa mzazi ambaye hajalipa ada, anamkuta mmoja hayupo, na anatoka kwenda maskani kumtafuta.